Lengo la Utafiti Lieleweke: Funzo kutoka Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Kwa miaka mingi, mtu aliyefikishwa hospitalini akiwa na homa kali katika sehemu kubwa ya nchi yetu alidhaniwa kwanza kuwa na malaria. Dhana hiyo ilikuwa na msingi wake, kwa kuwa malaria ilikuwa ikiua watu wengi na vifaa vya kupima magonjwa mengine vilikuwa vichache. Hata hivyo, kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliofanya kazi katika hospitali mbili za mjini Moshi, yaani Hospitali ya Rufaa ya KCMC na Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi, waliuliza swali moja lililo wazi: wagonjwa wanaolazwa hapa wakiwa na homa kali wanaumwa nini hasa?

Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 2013. Wagonjwa walioshirikishwa walikuwa 870. Kati yao, 528, sawa na asilimia 60.7, waliandikiwa wakati wa kulazwa kuwa wana malaria. Vipimo vya maabara vilipokamilika, ilibainika kuwa malaria ndiyo iliyosababisha homa kwa wagonjwa 14 tu, sawa na asilimia 1.6. Wagonjwa 118 walikuwa na magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama: 40 walikuwa na leptospirosi, 36 walikuwa na homa ya madoa inayoenezwa na kupe, 24 homa ya Q, 16 ugonjwa wa brusela na wawili homa ya taifasi. Wengine 55 walikuwa na virusi vya chikungunya. Miongoni mwa wagonjwa hao, hakuna aliyekuwa ameandikiwa magonjwa hayo katika orodha ya yale yaliyoshukiwa alipolazwa.

Idadi hizo zinahusu uhai wa watu. Mgonjwa anayepewa dawa ya malaria ilhali ana maambukizi ya bakteria huendelea kuugua akiwa kitandani, huku ndugu zake wakiamini kuwa anatibiwa. Ukweli huo haukujitokeza wenyewe. Ulipatikana kwa sababu kuna watu waliokaa chini kabla ya kuchukua sampuli ya kwanza ya damu, wakaandika wanatafuta nini, kwa wagonjwa gani, katika hospitali zipi, kwa muda gani na kwa vipimo vipi. Kwa lugha ya kitaaluma, waliweka lengo la utafiti.

Makala hii inaeleza lengo la utafiti ni nini, linaandikwaje katika makala za kitaaluma na katika maandiko ya kuomba fedha, na kwa nini jambo hili linamhusu pia mwananchi asiyekusudia kuwa mtafiti. Mifano yake inatoka Moshi na katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, eneo ambalo kwa zaidi ya karne moja limevutia watafiti wa afya, kilimo, misitu, maji na barafu.

Lengo ni nini, na si nini

Wanafunzi wengi na hata baadhi ya wataalamu huchanganya mambo manne: mada, tatizo, lengo na shughuli. Mada ni uwanja mpana ambamo utafiti unafanyika, kwa mfano "homa miongoni mwa wagonjwa wanaolazwa". Tatizo ni jambo lisilojulikana au lisilokwenda sawa ndani ya uwanja huo: wagonjwa wengi hutibiwa malaria bila uthibitisho wa maabara, na visababishi vingine vya homa havijulikani. Lengo ni tamko la kile hasa ambacho mtafiti atakibainisha ili kupunguza ujinga huo. Shughuli ni kazi zitakazofanyika ili kulifikia lengo: kuandikisha wagonjwa, kuchukua damu, kuipima, kuwaita tena baada ya wiki kadhaa na kuchambua takwimu.

Kosa linaloonekana mara kwa mara katika maandiko ya miradi ni kuandika shughuli mahali pa lengo. "Kufanya semina tano kwa wakulima" ni shughuli. Mtu anaweza kufanya semina kumi na asijue kama mkulima yeyote amebadili namna anavyopogoa kahawa yake. Kosa la pili ni kuandika matumaini mahali pa lengo. "Kuboresha afya ya wananchi wa Kilimanjaro" ni nia njema ambayo hakuna atakayeipinga, lakini haimwambii msomaji utafiti utaishia wapi wala utajulikanaje kuwa umefaulu. Lengo zuri ni lile ambalo mtu mwingine, akilisoma baada ya miaka mitatu akiwa na ripoti mkononi, anaweza kusema pasi na ubishi: hili limetimia, au hili halikutimia.

Kwa desturi, lengo hugawanywa katika ngazi mbili. Lengo kuu hueleza kwa sentensi moja jambo ambalo utafiti mzima unalenga kulibainisha. Malengo mahususi huligawa lengo hilo katika sehemu zinazoweza kupimwa moja baada ya nyingine. Katika mfano wa homa, lengo kuu lingeweza kuandikwa hivi: "Kubainisha visababishi vya homa kali miongoni mwa wagonjwa wanaolazwa katika hospitali mbili za Moshi katika kipindi cha mwaka mmoja." Malengo mahususi yangekuwa: kukadiria uwiano wa wagonjwa wenye malaria iliyothibitishwa, kukadiria uwiano wa wenye maambukizi ya bakteria katika damu, kukadiria uwiano wa wenye magonjwa yanayotoka kwa wanyama, na kulinganisha matokeo ya maabara na ugonjwa ulioandikwa wakati wa kulazwa. Lengo hilo la mwisho ndilo linalozaa pengo kati ya asilimia 60.7 na asilimia 1.6. Bila hilo, tungejua wangapi wana malaria lakini tusingejua ni kwa kiasi gani dhana yetu ilikuwa imepotoka.

Malengo mahususi yasiwe mengi. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na anayeshika kumi hali yake ni mbaya zaidi. Kwa andiko la mwanafunzi wa shahada ya uzamili, malengo matatu au manne yanatosha. Kila lengo linaloongezwa hudai sampuli yake, vipimo vyake, muda wake na fedha zake.

Kitenzi hubeba uzito

Namna rahisi ya kulipima lengo ni kutazama kitenzi chake. Vitenzi kama "kuelewa", "kuangalia", "kushughulikia" na "kuchangia" havina mwisho unaoonekana. Vitenzi kama "kupima", "kukadiria", "kulinganisha", "kubainisha", "kuorodhesha" na "kujaribu" humlazimisha mwandishi kusema ni nini kitakachopimwa na kwa kipimo gani. Barafu ya kilele cha Kibo inatupatia mfano wa jinsi vitenzi vitatu vinavyoweza kuzaa tafiti tatu tofauti juu ya kitu kilekile.

Kitenzi cha kwanza ni kupima. Ramani zilizotokana na safari za kitafiti za mwaka 1912 zilionyesha barafu yenye eneo la takribani kilometa za mraba 12. Kufikia mwaka 2000 eneo hilo lilikuwa limebaki takribani kilometa za mraba 2.6, na vipimo vya mwaka 2011 vilionyesha kilometa za mraba 1.76. Hapa lengo ni kupima eneo katika miaka inayotajwa. Jibu lake ni namba, na mtafiti mwingine anaweza kurudia kipimo kwa kutumia picha za anga na kulihakiki.

Kitenzi cha pili ni kueleza sababu. Mwaka 2004, Georg Kaser na wenzake walitoa hoja kwamba kusinyaa kwa barafu ya Kibo hakuwezi kuelezwa kwa ongezeko la joto la hewa peke yake, na kwamba kupungua kwa unyevu na theluji katika Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa karne ya 19 kuna nafasi kubwa. Hili ni lengo la aina nyingine. Linahitaji vipimo vya mionzi ya jua, unyevu, upepo na joto juu ya barafu yenyewe, wala haliwezi kujibiwa kwa ramani za eneo pekee.

Kitenzi cha tatu ni kutabiri. Lonnie Thompson na wenzake, waliochimba sampuli za barafu kileleni mwaka 2000, walichapisha mwaka 2002 makadirio kwamba, mwenendo uliokuwapo ukiendelea, barafu hiyo ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Mwaka 2020 umepita na mabaki ya barafu bado yapo, ingawa yanaendelea kupungua. Baadhi ya watu walichukua tofauti hiyo kuwa ushahidi kwamba utafiti wote wa barafu ya Kilimanjaro haukuwa na maana. Hayo ni matokeo ya kutotenganisha malengo. Makadirio ya tarehe yanaweza kukosea ilhali kipimo cha eneo kikabaki sahihi, na mjadala wa sababu ukaendelea kwa njia yake. Mwandishi anayetenganisha malengo yake tangu mwanzo humlinda msomaji dhidi ya mkanganyiko wa namna hiyo, na huilinda pia kazi yake.

Lengo likihama, sera nayo huhama

Uchaguzi wa lengo unaweza kubadili hata kile ambacho jamii inakihangaikia. Imekuwa kawaida kusikika kuwa barafu ya Kibo ikiisha, mito ya Kilimanjaro itakauka. Mtafiti anayejiwekea lengo la kupima barafu hatalijibu swali hilo, kwa maana swali linahusu maji. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika mlima huu, alielekeza uchunguzi wake kwenye msitu. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 2005 alionyesha kuwa moto uliounguza misitu ya juu, ambayo hunasa maji ya ukungu na kuyaingiza ardhini, una athari kubwa zaidi kwa maji ya mlima kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Kwa mkazi wa Marangu, Kibosho au Machame anayetegemea mfongo unaoleta maji kihambani kwake, na kwa mkulima wa tambarare za chini katika Bonde la Mto Pangani, tofauti hiyo ni kubwa. Barafu hatuwezi kuizuia kwa mikono yetu, lakini moto msituni unaweza kuzuiwa na vijiji, Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro na mamlaka za misitu wakishirikiana. Swali lililolengwa vizuri lilionyesha mahali ambapo juhudi za wananchi zina nafasi ya kuzaa matunda.

Masharti ndani ya lengo: mfano wa kahawa

Tafiti za kilimo zinafundisha jambo jingine: lengo lazima litaje masharti yake. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, katika miteremko ya Kilimanjaro, kilianza mwaka 1934, na tangu mwaka 2001 shughuli zake zimekuwa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI). Miongoni mwa adui wakubwa wa kahawa ya arabika ni magonjwa mawili ya ukungu: chulebuni, unaoozesha matunda mabichi, na kutu ya majani, unaopukutisha majani ya mti. Mkulima aliyekuwa na aina za zamani alilazimika kupulizia dawa mara kadhaa kila msimu, gharama ambayo mara nyingi ilimshinda bei ya kahawa inaposhuka.

Mtafiti angeweza kuandika lengo hivi: "Kupata aina ya kahawa inayostahimili chulebuni na kutu ya majani." Lengo hilo linapimika, lakini halijakamilika. Mti unaweza kustahimili magonjwa yote mawili na ukazaa kidogo, au ukazaa sana na kahawa yake ikakosa ladha inayoipatia Kilimanjaro jina sokoni. Mkulima akishaupanda, ameufunga udongo wake kwa miaka mingi. Kwa hiyo lengo linalomfaa mkulima ni lile linalotaja masharti yote kwa pamoja: ustahimilivu wa magonjwa, mavuno yasiyopungua yale ya aina zilizopo, na ubora wa kikombe unaokubalika kwa waonjaji. Aina chotara ambazo TaCRI imezifikisha kwa wakulima zimepitia mizani ya namna hiyo kabla ya kuidhinishwa. Mwandishi wa andiko la mradi anapaswa kujiuliza: je, ninaweza kulitimiza lengo langu kama nilivyoliandika, na bado nikamwacha mlengwa katika hali mbaya kuliko nilivyomkuta? Ikiwa jibu ni ndiyo, lipo sharti ambalo halijaandikwa.

Katika andiko la kuomba fedha

Andiko la kuomba fedha ni ahadi. Anayetoa fedha, iwe ni Serikali kupitia Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Sayansi na Teknolojia (MTUSATE) unaosimamiwa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), chuo kikuu au shirika la nje, huuliza maswali yanayofanana: utabainisha nini, kwa nini sasa, kwa njia gani, kwa gharama gani, na tutajuaje kuwa umemaliza? Lengo ndilo uzi unaounganisha majibu hayo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi anataka kuchunguza vyama vya ushirika wa kahawa. Mada hii ina mizizi mirefu, kwa kuwa wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU kikaundwa mwaka 1933. Rasimu yake ya kwanza inasema: "Lengo ni kuchunguza changamoto za vyama vya ushirika vya kahawa mkoani Kilimanjaro." Mpitiaji wa andiko hilo atauliza: changamoto zipi, za nani, vyama vingapi, kwa kipindi gani? Anayejibu "zote" hawezi kupanga bajeti.

Baada ya kuzungumza na wakulima, mwanafunzi anagundua kuwa kero inayotajwa mara nyingi ni kuchelewa kwa malipo. Rasimu ya pili inasema: "Lengo kuu ni kulinganisha muda unaopita tangu mkulima akabidhi kahawa hadi alipwe malipo ya mwisho, kati ya vyama vya msingi vinavyouza mnadani na vile vinavyouza moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje, katika Wilaya ya Moshi, kwa misimu miwili mfululizo." Sasa kila kitu kinajipanga. Kipimo ni idadi ya siku. Walengwa ni vyama vya aina mbili. Eneo na muda vimetajwa. Nyaraka zinazohitajika ni stakabadhi za kupokea kahawa na kumbukumbu za malipo. Bajeti ya usafiri inajulikana, na hata ukomo wa utafiti unajulikana: hautasema lolote kuhusu ubora wa kahawa wala uongozi wa vyama, isipokuwa pale mambo hayo yanapogusa muda wa malipo.

Katika andiko la namna hii, kila lengo mahususi linapaswa kuoanishwa na mambo manne: njia ya kulitekeleza, kiashiria cha kulipima, muda wa kulikamilisha na kifungu cha bajeti. Jedwali dogo la mistari michache linatosha. Likiandikwa, kasoro hujitokeza zenyewe. Kifungu cha fedha kisicho na lengo kinaashiria matumizi yasiyo na sababu, na lengo lisilo na kifungu cha fedha kinachoendana nalo ni ahadi ambayo haitatekelezwa. Jambo hilo ni muhimu kwa fedha za umma, kwa sababu mkaguzi anayekuja baadaye hana kipimo kingine cha haki isipokuwa kile ambacho mwandishi alijiwekea mwenyewe.

Katika makala ya kitaaluma

Katika makala ya kitaaluma, lengo huonekana mahali pawili. Kwanza ni katika ikisiri, ambayo mara nyingi ndiyo sehemu pekee inayosomwa na mtu mwenye haraka, wakiwamo waganga na watunga sera. Pili ni mwishoni mwa utangulizi, baada ya mwandishi kueleza kinachojulikana na kisichojulikana. Maneno ya sehemu hizo mbili yafanane. Ikisiri ikisema "tulikadiria" na utangulizi ukasema "tulithibitisha", msomaji ana haki ya kuwa na shaka.

Matokeo nayo yafuate mpangilio wa malengo. Lengo la kwanza lijibiwe kwanza, na lengo ambalo halikufikiwa litajwe bila aibu pamoja na sababu zake. Utafiti usiopata kile ulichokitarajia bado ni utafiti, ilimradi swali lilikuwa la kweli na njia ilikuwa sahihi.

Kuna kishawishi ambacho mwandishi mwaminifu hujihadhari nacho, nacho ni kubadili lengo baada ya kuyaona matokeo. Mtu aliyepanda mahindi, akavuna magugu, kisha akatangaza kuwa tangu awali alikusudia kulima magugu, hamdanganyi jirani yake tu bali pia msimu ujao. Ndiyo maana majaribio ya tiba kwa binadamu husajiliwa hadharani kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa, yakionyesha lengo kuu na kipimo chake. Ikiwa jambo jipya limejitokeza njiani, na mara nyingi hujitokeza, liandikwe kama lilivyo: ugunduzi wa njiani unaohitaji utafiti mwingine wa kuuthibitisha.

Mwananchi ana nafasi gani?

Mtafiti anayefika kijijini huomba muda wa mwananchi, maelezo ya kaya yake, udongo wa kihamba chake au damu ya mwanawe. Kwa sababu hiyo nchi yetu imeweka utaratibu. COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986, hutoa vibali vya utafiti. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, husimamia mapitio ya maadili ya tafiti za afya kitaifa, na vyuo vya afya vina kamati zao za maadili. Tafiti za wanyamapori na zile zinazofanyika ndani ya hifadhi huhusisha pia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI) na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Katika ngazi zote hizo, lengo ni miongoni mwa mambo ya kwanza yanayosomwa, kwa kuwa haiwezekani kuamua kama usumbufu au hatari kwa mshiriki ina uhalali bila kujua utafiti unatafuta nini.

Mwananchi naye anaweza kuuliza, kwani kuuliza si ujinga. Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, anapaswa kuelezwa kwa lugha anayoielewa: utafiti huu unataka kujua nini? Kwa nini nimechaguliwa mimi? Nitafanyiwa nini, mara ngapi? Taarifa zangu zitatunzwaje? Matokeo yatarudishwa lini na wapi, na nani atayaeleza? Vilevile anapaswa kujua kuwa ana haki ya kukataa au kujitoa bila kunyimwa huduma anayostahili. Mtafiti asiyeweza kueleza lengo lake kwa Kiswahili chepesi, kwa sentensi mbili, mbele ya mkutano wa kijiji, mara nyingi hajaliandika sawasawa hata katika andiko lake.

Viongozi wa vijiji na kata wanayo nafasi ya pekee. Wanapopokea barua ya utambulisho wa mtafiti, waombe pia muhtasari wa ukurasa mmoja unaotaja malengo. Muhtasari huo ukihifadhiwa katika ofisi ya kijiji, utatumika baadaye kuuliza: mlisema mtapima maji ya chemchemi tatu kwa misimu miwili, majibu yako wapi?

Maswali ya kujihakiki

Kabla ya kuwasilisha andiko au makala, mwandishi ajisomee malengo yake na kujiuliza yafuatayo. Je, kila lengo lina kitenzi kinachopimika? Je, limetaja nani au nini, wapi na lini? Je, limetenganisha kupima, kueleza sababu na kutabiri? Je, masharti muhimu kwa mlengwa yamo? Je, kila lengo lina njia, kiashiria, muda na bajeti? Je, malengo yote yakitimia, lengo kuu litakuwa limejibiwa? Hatimaye ampe mtu asiye wa fani yake ayasome, kisha amwombe arudie kwa maneno yake mwenyewe kile ambacho utafiti utafanya. Akishindwa, kazi ya kuandika haijakwisha.

Leptospirosi, ugonjwa uliowapata wagonjwa 40 katika utafiti wa Moshi, ulikuja kujulikana na wananchi wengi kwa jina la homa ya mgunda Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wake mkoani Lindi. Wagonjwa 40 wa Moshi walikuwa wameugua zaidi ya miaka kumi kabla jina hilo halijasikika katika taarifa za habari. Ugonjwa wao ulipata jina kwa sababu mtu aliandika mapema kwamba atautafuta, na akaeleza atautafuta vipi.